Kuku na kipupwe cha nyanda za juu: mwongozo kamili wa kulisha na kutunza kundi la nyumbani, Mei hadi Agosti

Kuku mkubwa mwenye manyoya kamili hafi kwa baridi. Joto la mwili wake ni nyuzi 41 hadi 42, na manyoya yake yakiwa makavu anaweza kulala salama hata usiku ambao umande unaganda kwenye nyasi, kama inavyotokea Kitulo na sehemu nyingine za Makete mwezi Juni na Julai. Wanaomuua ni wengine: unyevu ndani ya banda, upepo unaompiga akiwa amelala, na tumbo kuwa tupu kuanzia saa 12 jioni hadi asubuhi. Vifaranga ni habari tofauti, nao wana sehemu yao hapa chini.

Kosa la kawaida Njombe, Mufindi na Uporoto ni kuligubika banda gubigubi. Baridi ikianza, kila tundu huzibwa kwa viroba, maturubai na udongo. Kwa siku chache kuku wanaonekana wametulia. Baada ya wiki mbili wanakoroma, macho yanatoa machozi, na mwenye kuku anasema baridi imewapiga. Ukweli ni kwamba amonia, ile gesi kali inayotoka kwenye kinyesi kilicholowa, imewapiga.

Vipimo vyote vya mwongozo huu ni vya kundi la kuku 20 wakubwa, wa kienyeji au chotara kama Sasso na Kuroiler. Ukiwa na 10, gawa kwa mbili. Mfugaji wa Kinangop au Limuru, kule Kenya, anaweza kuufuata karibu wote, maana nako baridi inakaza miezi hiyohiyo.

Kazi inaanza Machi

Mayai huatamiwa siku 21. Ukimlalisha mtetea tarehe 1 Machi, vifaranga watatoka tarehe 22, na Juni ikiingia watakuwa na wiki 10 na manyoya yanayotosha kujikinga. Ukimlalisha Mei, unakaribisha vifaranga wa siku moja katikati ya Juni, wakati mbaya kuliko yote. Mtetea anayetaka kuatamia Mei mtoe kwenye kiota, mweke siku tatu au nne kwenye tenga lenye sakafu ya wavu, apewe maji na chakula kama kawaida. Hamu ya kuatamia itamtoka.

Aprili na Mei ni za kutengeneza banda, kununua chakula na kuchanja. Ukisubiri Juni utanunua mahindi mabichi na utachanja kuku ambao tayari wako kwenye msukosuko wa baridi.

Banda: ziba chini, acha juu wazi

Kuku 20 hunywa lita 4 hadi 5 za maji kwa siku, na sehemu kubwa ya maji hayo hutoka tena kwa kinyesi na kwa pumzi. Unyevu huo lazima upate njia ya kutokea. Hewa yenye joto na unyevu hupanda, kwa hiyo njia iwe juu, usawa wa kenchi, si usawa wa mgongo wa kuku.

1. Eneo. Kuku 4 kwa mita moja ya mraba, yaani banda la mita 2 kwa 2.5. Usijenge kubwa mno ukidhani ni ukarimu, kwa sababu kuku 20 hawawezi kupasha joto banda la kuku 60. Kimo cha mita 1.8 hadi 2 kinatosha.

2. Mwelekeo. Kuanzia Mei hadi Agosti jua letu hupita upande wa kaskazini, na upepo wa kipupwe hutoka kusini na kusini-mashariki. Madirisha na mlango viangalie kaskazini. Ukuta wa kusini na wa mashariki uwe mzima, wa tofali au udongo uliosilibwa vizuri, kuanzia sakafuni hadi juu kabisa, isipokuwa ule upenyo wa hewa ulio chini ya paa. Ushauri wa kuacha kuta zote mbili ndefu wazi kwa wavu umeandikwa kwa ajili ya Dar es Salaam na Morogoro. Huku usiufuate.

3. Upenyo wa hewa. Acha nafasi ya sentimita 20 kwenda juu, chini ya paa, kwa urefu wote wa ukuta wa kaskazini. Upande wa kusini acha nyembamba zaidi, sentimita 10, na paa litokeze nje angalau sentimita 50 ili mvua ya manyunyu isiingie. Weka wavu kuzuia vicheche. Upenyo huu haufungwi, hata usiku wa baridi kali.

4. Mapazia. Dirisha la wavu lifunikwe kwa pazia la viroba vilivyoshonwa. Pazia lipigiliwe misumari kwa chini, na livutwe kwa kamba kwenda juu. Ukilipigilia juu na kuliteremsha kama la sebuleni, upenyo utakaobaki utakuwa chini, na upepo utawapiga kuku kifuani. Likifungwa kutoka chini, linaacha wazi sehemu ya juu tu, na ndiyo tunayoitaka.

5. Paa. Bati tupu ni shida kubwa. Pumzi ya kuku hugonga bati la baridi, hugeuka maji, na alfajiri hudondoka kama mvua juu ya migongo yao. Weka dari: mianzi au fito zilizopangwa kwa karibu, juu yake nyasi kavu za unene wa sentimita 10 zilizotandazwa juu ya magunia ya katani. Usiweke nailoni chini ya nyasi, maana maji yatakusanyika hapohapo. Dari isizibe upenyo wa hewa. Paa la nyasi lililoezekwa vizuri halihitaji dari, ila likague kwa ajili ya panya na utitiri.

6. Fito za kulalia. Kila kuku apate sentimita 20. Fito mbili za mita 2 zinatosha. Tumia mbao ya inchi mbili kwa nne, upande mpana ukiwa juu. Kuku akilala juu ya ubapa huo, manyoya ya tumbo hufunika vidole vyote, lakini kwenye mti mwembamba vidole hubaki nje na kupata baridi. Kimo kiwe sentimita 60 kutoka sakafuni, fito zote ziwe usawa mmoja (zikipishana kimo watagombania ya juu), na ziachane sentimita 40. Zisikae mkabala na dirisha.

Sasa pima. Saa 3 usiku, siku yenye upepo, ingia na mshumaa uuweke usawa wa fito. Mwali ukilala upande, kuna tundu linalopuliza kuku, lifuate ulizibe. Ukisimama wima kabisa muda wote, hata ukiuinua karibu na dari, hewa haitembei. Unachotaka ni mwali uliotulia kwenye fito na unaocheza kidogo juu. Halafu alfajiri, kabla hujafungua, chuchumaa hadi kichwa chako kifike usawa wa kichwa cha kuku, uvute pumzi. Harufu ya mkojo ikiwasha macho au pua, ongeza upenyo wa juu siku hiyohiyo. Kupima ukiwa umesimama hakusaidii, maana kuku haishi huko juu.

Matandiko

Nyanda za Juu Kusini zina bahati ya viwanda vya mbao, na maranda ya msindano hupatikana kwa bei ndogo au bure. Tandaza maranda makavu sentimita 10 mwanzoni mwa Mei, kisha ongeza sentimita 3 kila wiki mbili hadi ufikie 15 hadi 20. Usiondoe ya chini. Yakichanganyika na kinyesi na kugeuzwa mara kwa mara, huoza polepole na kutoa joto kidogo chini ya miguu ya kuku. Geuza kwa reki mara mbili kwa wiki. Ukimwaga punje chache za mahindi juu ya maranda jioni, kuku watakufanyia sehemu ya kazi hiyo.

Chota maranda mkononi ukaze ngumi, kisha fungua. Yakibaki donge, yana maji mengi: toa sehemu hiyo, weka makavu, na tafuta chanzo, ambacho karibu kila mara ni chombo cha maji. Yakimwagika kama mchanga na kutoa vumbi, yamekauka kupita kiasi. Yakikaa pamoja kidogo kisha kuachana, yako sawa.

Epuka vitu vitatu. Vumbi laini la msumeno huingia kwenye mapafu na vifaranga hulila. Maranda ya nguzo au mbao zilizotiwa dawa, zile za rangi ya kijani, yana sumu ya kopa, kromiamu na aseniki. Na chokaa ya kujengea isimwagwe juu ya matandiko mabichi kuku wakiwa ndani: watu hudhani inakausha, lakini huamsha amonia yote iliyokuwa imetulia. Ipake kwenye kuta banda likiwa tupu.

Chakula: nishati zaidi, na chakula cha jioni

Kuku mkubwa anayefungiwa hula gramu 110 hadi 120 kwa siku wakati wa kawaida. Kwenye baridi huhitaji asilimia 10 hadi 20 zaidi, kwa sababu sehemu ya chakula inachomwa ili kutunza joto la mwili. Weka gramu 140 kwa kila mmoja. Kwa kuku 20 ni kilo 2.8 kwa siku, sawa na takriban kilo 250 kwa siku 90. Kuku wanaotoka kujitafutia wanahitaji pungufu ya hapo, lakini usijidanganye: Julai majani yamekauka, wadudu wamejificha, na kuku hukaa nje saa chache. Wape angalau gramu 90.

Mchanganyiko wa kilo 100 kwa kuku wanaotaga:

- Mahindi ya paraza: kilo 53
- Pumba za mahindi: kilo 7
- Mashudu ya alizeti: kilo 18
- Soya iliyokaangwa na kusagwa: kilo 6
- Dagaa waliosagwa: kilo 6
- Chokaa ya mifugo: kilo 7
- Unga wa mifupa: kilo 2.2
- Virutubisho vya dukani (premiksi ya kuku wa mayai): kilo 0.5
- Chumvi: kilo 0.3

Protini yake ni kama asilimia 16. Miezi ya joto mchanganyiko ni uleule, ila mahindi hushuka hadi kilo 46 na pumba hupanda hadi 14. Yaani marekebisho yote ya baridi ni kilo 7 za pumba kugeuka mahindi. Wanaoongeza mahindi kwa kupunguza mashudu na dagaa hupata kuku wanene wasiotaga.

Soya ikaangwe hadi iwe ya kahawia na inukie karanga. Ikiwa mbichi huzuia mmeng'enyo wa protini. Dagaa wenye mchanga au waliotiwa chumvi wakatae: chumvi ikizidi kuku hunywa sana, huhara, na matandiko hulowa. Chumvi, chokaa, unga wa mifupa na premiksi changanya kwanza na kilo 5 za pumba, kisha ndipo umwage kwenye mengine, la sivyo vitabaki kwenye kona moja ya lundo.

Kundi lenye jogoo, matetea na kuku wadogo pamoja lina tatizo la chokaa. Kilo 7 ni sawa kwa anayetaga, lakini huumiza figo za kuku anayekua. Hapo weka kilo 1 tu kwenye mchanganyiko, na chokaa iliyobaki, au maganda ya mayai yaliyochomwa na kupondwa, iwe kwenye chombo chake pembeni. Anayetaga ataifuata mwenyewe.

Kuhusu mahindi kuna jambo la kuangalia sana. Huku juu mahindi hukaa shambani muda mrefu, na yale mapya ya Juni na Julai mara nyingi hayajakauka. Yakiwekwa guniani hushika ukungu, na sumukuvu humpiga kuku ini, hupunguza mayai na kudhoofisha kinga hata kama huoni dalili ya wazi. Chukua chupa kavu ya kioo, tia punje kiasi cha robo yake na vijiko viwili vya chumvi kavu, funga, tikisa dakika mbili, acha dakika kumi. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado mabichi, rudisha juani. Chumvi ikibaki chini, nunua. Punje zilizooza au zenye ukungu usizitenge "kwa ajili ya kuku", kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi.

Siku ya kipupwe iende hivi:

Saa 1 asubuhi, uji mzito wa vuguvugu: chukua kilo 1 ya mchanganyiko uleule, tia maji ya moto hadi ushikamane bila kuchuruzika. Wape kiasi watakachomaliza kwa nusu saa, kisha vyombo vioshwe. Uji uliolala huchacha.

Mchana, kilo 1.2 ya mchanganyiko mkavu kwenye vihori. Ning'iniza kabichi nzima au fungu la sukuma wiki usawa wa kichwa. Mboga hizo huwapa vitamini na shughuli, na kuku mwenye shughuli hadonoi wenzake.

Saa 11 jioni, punje nzima au paraza nene: gramu 25 hadi 30 kwa kuku. Kikombe cha nusu lita hubeba takriban gramu 370, kwa hiyo kuku 20 wanapata kikombe kimoja na nusu. Punje husagwa polepole usiku kucha, na kazi hiyo hutoa joto. Kati ya marekebisho yote ya ulishaji, hili ndilo rahisi na lenye faida kubwa. Kuku mwenye chakula cha kutosha huwa na mfuko uliojaa upande wa kulia wa kifua. Wapapase wanne watano baada ya kupanda fito, hasa wanyonge ambao hufukuzwa chakulani.

Viazi mviringo vidogo visivyouzika ni chakula kizuri cha nishati vikichemshwa. Maji yake yamwagwe, na vilivyogeuka kijani au kuchipua visitumike. Visizidi sehemu moja ya tano ya chakula cha siku, maana protini yake ni ndogo. Maparachichi yamejaa Njombe, lakini maganda, kokwa na majani yake yana sumu kwa ndege, basi yasifike bandani. Kuku anayekula punje anahitaji pia vijiwe vidogo vya kusagia kwenye firigisi. Weka kopo la changarawe ya mtoni.

Anayenyonyoka manyoya Mei au Juni mwongezee dagaa, kijiko kimoja cha chai kwa siku hadi manyoya yarudi. Manyoya ni protini karibu yote.

Maji

Kuku asipokunywa hali, na asipokula anapata baridi. Maji ya baridi kali huyakwepa. Wape maji ya vuguvugu, kama ya kumwogeshea mtoto, saa 1 asubuhi na tena saa 9 alasiri, lita 2.5 kila mara. Jioni toa vyombo nje ya banda: kuku hanywi gizani, na chombo kinachobaki humwagika au hushika utando wa barafu. Mchana kikae juani, juu ya tofali, mdomo wake ukiwa usawa wa mgongo wa kuku. Beseni jeusi la mpira hupata joto haraka kuliko la bati.

Vifaranga walioingia kwenye baridi

Hata ukipanga vizuri, kuna mwaka utaletewa vifaranga mwezi Juni. Joto wanalohitaji, likipimwa usawa wa mgongo wao, ni nyuzi 33 hadi 35 wiki ya kwanza, 30 ya pili, 27 ya tatu, 24 ya nne na 21 ya tano. Pwani huweza kuacha kuwasha moto mapema. Huku juu endelea hadi wiki ya sita, usiku hasa.

Penye umeme, taa nyekundu ya joto ya wati 250 inatosha vifaranga 50. Ining'inie kwa mnyororo (kamba ya nailoni huyeyuka na taa huanguka kwenye maranda) sentimita 45 hadi 60 juu yao. Zungushia ukuta wa maboksi magumu wa kimo cha sentimita 50, wa duara, kwa sababu kwenye kona hurundikana na kukandamizana hadi kufa.

Pasipo umeme, tumia dumu. Kwa vifaranga 25, chukua sanduku la mbao la sentimita 50 kwa 60, jaza nyasi kavu kati ya kuta zake na boksi la ndani, tandika maranda sentimita 8. Jaza dumu la lita 5 maji ya moto, lifunge kabisa, lifungie kwenye gunia, ulilaze katikati. Funika kwa blanketi ukiacha nafasi ya viganja viwili upande mmoja. Badilisha maji saa 3 usiku, saa 7 na saa 11 alfajiri. Ni kazi, lakini haina moshi wala moto.

Jiko la mkaa liwe chaguo la mwisho. Liwashiwe nje hadi mkaa wote uwe mwekundu, liingizwe ndani ya chungu kilichokaa juu ya matofali, na upenyo wa juu uwe wazi. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu. Mtu asilale kamwe kwenye chumba chenye jiko hilo, hata "kuwaangalia tu vifaranga".

Waangalie wanavyokaa. Wakirundikana chini ya joto na kulia kwa sauti kali, wana baridi. Wakikimbilia pembeni na kuhema midomo wazi, joto limezidi. Wakikusanyika upande mmoja tu, kuna upepo upande wa pili. Wakitawanyika na kulala hapa na pale, waache. Kila mmoja atakula takriban kilo 1.2 ya chakula cha vifaranga chenye protini asilimia 18 hadi 20 hadi afikishe wiki sita.

Magonjwa ya msimu

Kideri, au mdondo, hakina tiba. Shubiri, pilipili na majivu ndani ya maji havikizuii, ingawa kila kijiji kina mtu atakayeapa kuwa vinazuia. Chanja kundi lote siku moja, mwanzoni mwa Mei, kwa chanjo ya I-2: tone moja kwenye jicho moja, umshikilie kuku hadi apepese. Wakubwa, wadogo, majogoo, wote, na ikiwezekana pamoja na majirani. Kinga hujengeka ndani ya wiki mbili, na hurudiwa kila miezi mitatu hadi minne. Chanjo hii huvumilia joto kuliko nyingine, lakini isikae juani, na kichupa kikishafunguliwa fuata muda ulioandikwa. Kuku wakishaanza kufa usichanje. Mikono yako itaeneza ugonjwa.

Mafua ya kuku hupenda banda lenye unyevu na msongamano. Uso huvimba upande mmoja au wote, pua hutoa ute unaonuka, jicho hufumba. Mtenge aliyeugua siku hiyohiyo, chombo chake cha maji kiwe peke yake, umwite mtaalamu wa mifugo. Dawa za antibayotiki hupunguza makali, ila kuku aliyepona huendelea kubeba vimelea, kwa hiyo usimrudishe kati ya wachanga, na mayai ya kipindi cha dawa yasiliwe wala kuuzwa hadi siku zilizoandikwa kwenye dawa zipite. Njia nzuri ya kuwahi ni kusikiliza: saa 2 usiku simama nje ya banda dakika tatu kimya. Mkoromo au chafya utaisikia siku mbili tatu kabla hujaona uso umevimba.

Kuhara damu huwapata zaidi wenye wiki 3 hadi 8 kwenye matandiko mabichi. Amprolium kwenye maji, kwa kipimo cha pakiti, hutibu ikianza mapema. Bila kukausha matandiko, utarudia kununua kila wiki.

Utitiri na chawa huongezeka kwa sababu kuku hawapati mahali pakavu pa kuoga vumbi. Weka sanduku la sentimita 60 kwa 60, kina cha 30, chini ya paa upande wa kaskazini: sehemu mbili udongo mkavu, moja mchanga, moja majivu baridi ya kuni. Miguu yenye magamba yaliyoinuka ipakwe mafuta mazito ya kujipaka kila siku tatu kwa wiki tatu. Mafuta ya taa huunguza ngozi.

Mayai yakipungua

Ulaya na Amerika ya Kaskazini utagaji wa majira ya baridi huanguka hasa kwa sababu mchana hufupika sana. Hapa Njombe mchana wa Juni una takriban saa 11 na dakika 35, pungufu ya saa moja tu ukilinganisha na Desemba. Kwa hiyo usikimbilie taa. Mayai yakipungua Julai, kagua kwanza chakula cha jioni, kisha protini, kisha maji, kisha unyonyokaji wa manyoya, kisha minyoo.

Kwa chotara wanaotaga kibiashara, mwanga wa ziada una faida kidogo: taa ya sola ya wati 5 iwake saa 10 na nusu alfajiri hadi kupambazuke, ili jumla ifike saa 14. Iongezwe alfajiri, si jioni, kwani ikizimika ghafla usiku kuku hubaki sakafuni gizani. Kuku wa chini ya wiki 18 wasiwashiwe. Kwa wa kienyeji, gharama hiyo hairudi.

Mayai ya kuatamishwa yaokotwe asubuhi na mchana, kwa sababu yakilala nje hupoa na kupoteza uhai wake.

Agosti ikielekea mwisho

Baridi ikilegea, rudisha mahindi kwenye kilo 46 kidogokidogo ndani ya wiki mbili, teremsha mapazia mchana kutwa, na punguza punje za jioni hadi nusu. Mwanzoni mwa Septemba rudia chanjo ya kideri na toa dawa ya minyoo. Ondoa matandiko yote siku ya jua, paka kuta chokaa, acha banda tupu siku mbili au tatu kuku wakiwa nje. Matandiko hayo yarundike na kuyafunika mwezi mmoja na nusu kabla ya kuyapeleka shambani. Yakiwekwa mabichi kwenye viazi huunguza machipukizi.